Sururu, Aliyetafuta Maji Baridi Bondeni kwa Maji ya Moto

Ndugu, jamaa, marafiki, majirani, na ninyi mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti, sogeeni karibu kidogo maana kilio kikianza hamtasikia kitu. Familia imetupa sisi dada zake kazi ya kumsimulia kaka yetu, toka alipotoka tumboni mpaka alipolala hapo mbele yenu, na tumekubaliana nyumbani kwamba tutasema ukweli mtupu, kwa sababu marehemu mwenyewe akisikia mtu anasifiwa msibani kwa mambo ambayo hakuyafanya alikuwa anaanza kukohoa makusudi, na hatutaki leo tuanze kusikia kikohozi kinatokea humo ndani.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, kule juu kilimani, kwenye nyumba ya mawe ya baba yetu aliyekuwa mwashi, akiwa mtoto wa pili, wa kwanza akiwa kaka yetu mkubwa fundi cherehani, yule pale ameshika kofia mkononi, na sisi dada wawili tukaja nyuma kufunga mlango. Jina alilopewa na wazazi lilidumu mpaka alipoanza kutambaa, baada ya hapo akaitwa Sururu, kwa sababu alipewa kijiko cha bati cha kulia uji, na kile kijiko hakikujua njia ya mdomoni, kilijua njia ya ardhini tu, akachimba chini ya kitanda, akachimba nyuma ya banda la kuku, na alipofika miaka sita akachimba chini ya ukuta wa jiko mpaka ukuta ukalala juu ya sufuria ya mchana, mama akamsaka na fimbo nyumba nzima, uani, kwa majirani, kumbe mwenyewe amejificha ndani ya shimo lile lile, kajikunja kama kifaranga, anasubiri mama apoe.

Elimu yake ilianza Januari 1959 katika shule ya msingi ya hapo hapo kilimani, na tuseme tu kwamba yeye na shule walivumiliana, kusoma alijua, hesabu za futi na kamba alijua, lakini macho yalikuwa dirishani, mpaka mwaka 1965 yalipomfika mwalimu mkuu shingoni akampa adhabu ya kuchimba shimo la choo kipya. Mtoto mwingine angechimba mpaka magotini akaanza kulia, Sururu alilichimba lote, akazinyoosha kuta utadhani zimepigwa plasta, mwalimu mkuu akaja kuchungulia pale ukingoni, akamwambia, kijana, mimi sina cha kukuongezea, nenda kamtafute mzee wa visima. Marehemu alikuwa akiisimulia siku hiyo kama wenzake wanavyosimulia siku ya kuvaa joho.

Mzee wa visima mliomjua mlimwita Mzee Kamba, na huyo ndiye aliyempokea, akamfundisha kushuka, kujenga kingo, kupandisha udongo kwa ndoo, na akampa kanuni moja ya kazi, kwamba ukishuka weka kiganja ukutani, jua linachoma udongo wa juu, chini unapoa, na ukisikia ukuta umepoa kama shavu la mtu aliyenawa, basi maji yako karibu. Kwa kanuni hiyo Sururu alichimba visima vya watu huko juu kwa miaka, na hakuna hata kimoja kilichotoka kikavu, mpaka watu wakawa wanamwita akague kiwanja hata kabla ya kumwita fundi wa nyumba.

Katika kuchimba kisima cha zahanati ndipo alipomkuta dobi wa zahanati, binti anafua mashuka na mdomo haupumziki, akimwona anatoka shimoni mwekundu wa udongo kuanzia kisogo mpaka kisigino anamwambia, kaka, wewe nikufue au nikuanike tu. Kaka yetu, ambaye alikuwa hajui kujibu wanawake, alishuka tena shimoni akakaa huko mpaka jua linazama. Walifunga ndoa tarehe 18 Juni 1977, na siku ya kwenda kujitambulisha alikuwa tayari amepata kazi huku bondeni, kwenye ujenzi wa nyumba ya kuogea, kwa hiyo mama mkwe akauliza swali ambalo mama yeyote angeuliza, mwanangu huko atakunywa nini, maana bondeni palijulikana.

Wageni mliokuja leo mmejionea wenyewe, hapa kwetu maji yanatoka yenyewe kwenye ufa wa mwamba yakitoa mvuke, yana harufu ya yai viza, mawe yanayoyazunguka yameota ukoko mweupe, wenye magoti mabovu wanakuja na fimbo wanaondoka wanazipunga, akina mama wanafulia, yote hayo neema, lakini wakati ule kila bomba la mtaa lilikuwa linatoa maji hayo hayo, ukitaka kunawa uso unajibabua, ukitaka kunywa unayaweka kwenye ndoo yalale, na hata yakilala yanaamka vuguvugu, ukiyanywa unahisi umelamba msumari. Basi Sururu, mbele ya wakwe, akajipiga kifua, akasema, mama, kabla ya mwaka kuisha binti yako atakunywa maji baridi kutoka uani kwake mwenyewe. Mama mkwe akamtazama, akasema, mkwe wangu, wenzako wanaahidi nyumba, wewe unaniahidi maji, haya.

Sasa hapa ndipo lilipokaa kosa la kaka yetu, na ni kosa la mtu wa kazi yake, fundi viatu asingeliweza kulifanya. Kwa kuwa maisha yake yote alijua kwamba joto liko juu na ubaridi uko chini, kichwani mwake haya maji ya moto yalikuwa ganda tu, kama utando juu ya uji, akasema ukilitoboa ganda chini yake kuna maji baridi yanakusubiri. Akachimba uani, Septemba ile ile ya mwaka wa ndoa, akapata maji vuguvugu, akasema ganda bado. Akachimba kingine pembeni, kirefu zaidi, maji yakatoka ya kuogeshea mtoto, akasema ganda ni nene. Akachimba kingine, kirefu kuliko hicho, majirani wakaanza kuja na vikapu vya nguo, wakawa wanamshukuru, na yeye anawafukuza kwa hasira kama mtu aliyepika pilau akasifiwa kwa ukoko.

Katikati ya mashimo hayo Mungu aliwajalia watoto wawili, kifungua mimba binti aliyezaliwa tarehe 11 Agosti 1979, ambaye leo ni muuguzi, na kitinda mimba mvulana aliyezaliwa tarehe 2 Mei 1983, ambaye ni fundi bomba. Watoto hao walimjua baba yao kwa sauti, maana akitoka kazini kuchimba vya watu alikuwa anaingia uani kuchimba chake, chakula kikiiva wifi yetu anainama ukingoni anaita, baba watoto, njoo ule, na sauti inajibu kutoka chini, nakuja, na haji. Yule mdogo alipoanza kuongea, ukimuuliza baba yuko wapi, alikuwa anaonyesha chini, mgeni asiyejua anashtuka anaanza kumpa pole mama yake.

Mwaka 1986, mwezi wa pili, ukuta wa kisima cha mwisho, ambao mvuke ulikuwa umeulainisha, ulititia na kaka yetu akiwa ndani, maji ya moto yakapanda mpaka mapajani, akavutwa kwa kamba na mkewe pamoja na majirani wa pande zote mbili, Mungu awabariki, akatoka akiwa mzima lakini ngozi ya miguu imebabuka kama ya nyanya iliyomwagiwa maji ya moto. Wifi alimuuguza, akamlisha, akambadilisha vitambaa, akamtania kwamba sasa angalau yeye mke ameijua sura ya mumewe mchana, na siku ya kwanza marehemu alipoweza kusimama, wifi akiwa jikoni mlangoni anamwangalia kwa furaha, akamwona anaburura miguu, anapita kwenye kiti alichowekewa kivulini, anakwenda moja kwa moja kisimani, anachungulia. Wifi alizima jiko, akafunga nguo kwenye khanga, akawashika watoto mkono akaenda kwa mama yake.

Aliyetumwa kwenda kumbembeleza ni kaka mkubwa, fundi cherehani, na alirudi na ujumbe ambao familia nzima tunaujua kwa moyo. Wifi alisema, shemeji, mwambie mdogo wako mimi sidai maji, maji nilishayasahau mwaka wa kwanza, namdai yeye, mimi nilikubali kuolewa na mchimba visima, sikukubali kuolewa na kisima, siku atakapotoka humo shimoni akabaki nje nitarudi, hata kama nitakunywa ya moto mpaka meno yaishe. Maneno hayo yalifikishwa kama yalivyo, lakini wanaume mna masikio ya ajabu, mtu anaambiwa maneno arobaini anabeba moja, Sururu alisikia maji tu, akasema, ahaa, kumbe bado anayataka, akatafuta kamba mpya akaanza kushuka tena, na miguu bado ina vidonda. Sisi dada zake tulikuja tukakaa ukingoni tukalia tukamwambia, kaka, utamwacha yule mwanamke mjane wa shimo, akatujibu kutoka chini kwamba tunamzibia mwanga.

Mwezi wa tano mwaka huo ndipo alipofika mama mmoja mwalimu wa mawe kutoka chuoni, akapanga chumba nyuma ya nyumba ya kuogea, akawa anatembea na kinyundo kidogo anagonga miamba, tok tok, anainusa, anaandika, sisi tukamwita Bibi Nyundo na tukaeneza kwamba anatafuta dhahabu, naye leo yupo, yule pale mstari wa pili mwenye miwani, pole mama, asante kwa kuja. Huyu alisikia kuna bwana mmoja ambaye uani kwake kumetobolewa kama chujio, akaja, na jambo la kwanza lililomshangaza marehemu ni kwamba hakucheka, aliomba ruhusa tu ateremshe kipimajoto chake kwa uzi. Marehemu akamwambia, mama, kidude chako kitaiva. Kikateremshwa kwenye kisima kifupi, kikatoka na joto lake, kikateremshwa kwenye kirefu kuliko hicho, joto likawa kubwa zaidi, kikateremshwa kwenye kile kilichomla miguu, mama yule akakivuta akamwonyesha marehemu, joto limepita vyote.

Wakabishana pale ukingoni, sisi na majirani tumejazana ukutani kama tuko mpirani. Marehemu akasema, mama, wewe umesoma, lakini umewahi kushuka kisimani, Bibi Nyundo akasema sijawahi, ndiyo maana nataka kukuuliza wewe uliyeshuka, kiganja chako ukikiweka ukutani kinakwambia nini. Kaka yetu akakigeuza kiganja akakitazama, kwa sababu kilikuwa kinamwambia toka kisima cha kwanza kwamba kadiri anavyoshuka ndivyo panavyozidi kuwaka, na yeye alikuwa anaona kiganja ndicho kinachosema uongo.

Basi Bibi Nyundo akaomba sufuria na maharage mabichi, akaingia kwenye jiko la wifi lililokuwa limepoa miezi, akabandika maji, akamwita Sururu aangalie, na maharage yakaanza safari, yanapanda katikati, yanafika juu, yanateremka pembeni, yanapanda tena. Akamwambia, fundi, hakuna ganda, hili bonde halina kifuniko cha moto, lina moto wa chini, na wala si moto wa kuni, ni mawe tu ya moto, dunia yetu ndani yake ina joto la tangu ilipoumbwa ambalo halijamaliza kutoka, na tena mle ndani ya mawe kuna madini madogo madogo yanayovunjika yenyewe taratibu, miaka na miaka, na kila yakivunjika yanatoa joto kidogo, kama lundo la majani ya ng'ombe linavyopata moto katikati bila mtu kuliwasha. Akasema kuna sehemu nyingine za dunia mawe yaliyoyeyuka yamesogea karibu na juu, huko maji yanapikwa haraka, lakini hapa kwenu hayapo, hapa kinachopika ni urefu wa safari, mvua inanyesha kilimani, nyingine inatiririka, nyingine inaingia kwenye nyufa za miamba, inashuka pole pole, kilomita kwa kilomita, na kila kilomita moja inayoshuka joto linaongezeka sana, huko chini maji yanazidi joto la birika linalochemka lakini hayachemki kwa sababu yamebanwa na uzito, mpaka yanakutana na huu ufa mkubwa wa bondeni ambapo mwamba ulivunjika zamani, na kwa kuwa maji ya moto ni mepesi, na nyuma yake yanasukumwa na ya baridi yanayoendelea kushuka, yanapanda mbio kama mtu aliyechelewa harusi, yanatokeza kabla hayajapata nafasi ya kupoa, na njiani yamelamba miamba ndiyo maana yana ladha ya msumari na harufu ile mnayoijua.

Sururu akauliza, nikiendelea kuchimba je, akajibiwa, utaiva. Akauliza, na maji baridi yako wapi, na hapa jirani yetu muuza mkaa ni shahidi, maana alikuwa dirishani na hakukosa neno, yule mama akamwambia, fundi, haya unayoyachimba ndiyo hayo hayo maji baridi, ila wewe umeyakuta yamezeeka, yalinyesha huko juu kabla babu yako hajazaliwa, ukiyataka ya baridi yafuate yakiwa bado machanga, kabla hayajashuka. Marehemu akageuka akatazama dirishani, na dirisha lile, mnaolijua, linaangalia kilima alichozaliwa.

Alikaa kwenye kigoda cha mkewe mpaka maharage yakaungua. Alituambia baadaye kwamba kilichomuumiza hakikuwa maji, kilichomuumiza ni kukaa jikoni, kwa sababu miaka yote tisa hakuwahi kukaa pale jiko likiwa linawaka, hakujua kwamba ukikaa kwenye kile kigoda unaviona visima vyote, na unamwona mtu kichwa kinavyopotea polepole akishuka, na ule ujumbe wa mkewe aliokuwa amebeba neno moja ukamrudia wote mpaka mwisho. Akauliza tena swali moja tu, akamuuliza Bibi Nyundo, kwa hiyo yeye hakuwa anadai maji, na Bibi Nyundo, ambaye alikuwa hajui habari za mke wala ujumbe, akasema, fundi, hapo sasa umetoka kwenye mawe.

Kesho yake Sururu akachukua koleo, akaanza kufukia. Mtaa ulikuja kumcheka, wakasema Sururu sasa anazika, akina mama wa vikapu wakamlaani kwa kuwaharibia pa kufulia, na Mzee Kamba aliyekuwa amezeeka akaletwa kwa mkono, akaangalia visima vile vilivyonyooka vinavyoingizwa kifusi, akasema, mwanangu, fundi cherehani hafumui koti lililokaa sawa, na kaka yetu akamjibu, mzee, koti limekaa sawa, lakini mwenyewe limemkaba. Akaendelea kufukia, toroli kwa toroli, mpaka mwezi wa kumi.

Tarehe 12 Oktoba 1986 alikwenda kwa wakwe akiwa mikono mitupu, mama mkwe akamkaribisha kiti, akamuuliza, mkwe, maji yako wapi, akasema, mama, sina. Wifi akauliza kutoka chumba cha ndani, na mashimo, akasema, nimeyafukia. Wifi hakuamini, akavaa kandambili akaja kukagua, nguo akaziacha kwa mama yake makusudi, akaingia uani, akatembea juu ya kila kilichokuwa kisima anakanyaga kwa nguvu, na alipofika kwenye kile cha mwisho, kile kilichomla mumewe miguu, akaruka juu yake kwa miguu yote miwili, mtu mzima, mama wa watoto wawili, mbele ya mtaa. Akasema, hapa pametitia, leta toroli jingine. Likaletwa, likamwagwa, akaruka tena, halafu akamtuma fundi cherehani akamletee nguo zake.

Ndugu waombolezaji, toka siku hiyo mpaka anafumba macho, kaka yetu hakushuka kisimani tena, chake wala cha mtu. Mwaka 1988 alifuata ushauri wa mwalimu wa mawe, wakapanda kilimani pamoja, wakakuta kijito kidogo kinachotoka kwenye changarawe kabla hakijapata safari ya kwenda chini, akakilinda kwa kisanduku cha zege, na kwa kushirikiana na idara ya maji wakaleta bomba mpaka mtaani, yeye akiongoza vijana kuchimba mtaro wa kina cha goti, na wifi alikuwa anapeleka chai kwenye mtaro anatangaza kwa sauti kwamba huo ndio uchimbaji anaouruhusu, ule ambao mume anaonekana wote. Na bomba lilipofunguliwa, mtaa mzima umeshika vikombe, wifi akapewa kikombe cha kwanza, akanywa, kila mtu anamngoja alie au acheke, akasema, yanauma meno. Alikuwa ameshazoea ya vuguvugu. Marehemu alicheka mpaka akakaa chini kwenye matope.

Kuanzia mwaka 1990 hadi alipostaafu mwaka 2016 alikuwa msimamizi wa nyumba ya kuogea, na mliooga pale wakati wake mnajua kwamba kuingia ulikuwa unaingia, ila kutoka ulikuwa hutoki bila somo, mtu ameshika taulo kiunoni, maji yanamchuruzika, Sururu amemsimamisha anamweleza habari ya mvua ya kilimani, ya maharage, ya maji mepesi na maji mazito, na mgeni akisema, mzee, si ni moto wa volkano tu, alikuwa anamrudisha ndani akae chini aanze upya. Aliyajua kwa kusikia, na kila mwaka Bibi Nyundo alipokuja na wanafunzi wake alikuwa anakaa nao mstari wa mbele kusikiliza tena, asije akawa amesahau kitu. Na jioni, kazi ikiisha, alikuwa anakaa kwenye kigoda kile jikoni, wifi anapika, wanabishana, na wajukuu watatu aliojaliwa walimkuta hapo, hao hawakumjua babu wa chini, walimjua babu wa jikoni.

Marehemu alianza kusumbuliwa na kifua mwaka 2019, madaktari wakasema ni vumbi la ujanani, na mwishoni mwa 2021 moyo nao ukachoka, akalazwa, akaruhusiwa, akalazwa tena. Katika ugonjwa wake alipatwa na baridi ambayo hatukuielewa, mablanketi matatu na bado anatetemeka, na hapo ndipo tulipomwona wifi yetu, mwanamke aliyeyanunia maji ya bondeni nusu ya maisha yake, akitoka kila asubuhi na ndoo kwenda kuyateka, anayaleta yanafuka mvuke, anayamimina kwenye beseni, anaichukua miguu ile yenye makovu anaiweka ndani, anaikanda, na anamgombeza huku anaikanda, anamwambia, baba watoto, si ulikuwa unajifanya huyataki maji ya moto, na marehemu anafumba macho anasema, ongeza. Alifariki tarehe 9 Juni 2022, asubuhi, nyumbani kwake, binti yake muuguzi ameshika mkono mmoja na mkewe ameshika mguu, chai ikiwa inamiminwa.

Sasa yapo maneno yaliyosemwa juzi na jana, na kwa kuwa yamesemwa na mtaa umeyasikia, familia imeona iyaweke wazi hapa. Sisi wa upande wa marehemu tulitaka alale kilimani, pembeni ya baba na mama, kwenye upepo mzuri, na wapo waliosema wifi anakataa kwa ukaidi, na yupo aliyesema, na hatutamtaja, eti mwanamke aliyelia miaka yote kwamba hataki mumewe akae ndani ya ardhi ya hapa leo ndiye anayemng'ang'ania hapa. Wifi alisikiliza wote, alikuwa amekaa sakafuni, akasema, huko juu kuna baridi, mlikuwa hamlali naye, mimi nilikuwa nalala naye, nimemsikia meno yanavyogongana, hapa udongo una joto, mwacheni hapa. Kaka mkubwa akavaa kofia akasema, imekwisha, atalala hapa, na sisi dada leo tunasema mbele yenu kwamba tulikosea na yeye alikuwa sawa.

Leo asubuhi vijana waliokuwa wanachimba kaburi, ambao wote walifundishwa kazi na watu aliowafundisha yeye, walipomaliza walikuja mlangoni kumwambia wifi yetu kwamba tayari. Aliomba apelekwe. Akasimama pale ukingoni, akachungulia, akaangalia kuta, akasema zimenyooka, angezisifia, halafu akawauliza kama chini kuna joto, kijana mmoja akamwambia, lipo mama, kama mkate uliofunikwa. Akasema, basi, nilimtoa shimoni kwa kelele, hili ndilo la mwisho, na safari hii namruhusu mwenyewe, akasema shukeni naye taratibu, na msimwache mtu amwite kwenda kula, maana hajawahi kuja akiitwa.

Kwa niaba ya familia tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, na hasa wale waliovumilia kuelezwa habari za maji ya moto huku wanampima presha, tunawashukuru majirani wa pande zote mbili walioshika kamba siku ile na wakashika jeneza leo, wafanyakazi wenzake wa nyumba ya kuogea waliofunga milango leo kwa heshima yake, idara ya maji, mafundi visima, mwalimu wetu wa mawe aliyesafiri na magoti yake, na kila aliyeleta sukari, kiti, turubai au machozi. Hatuwezi kumlipa mmoja mmoja, Mungu ndiye mwenye kulipa.

Kaka yetu, mume wa mwenye kigoda, baba wa muuguzi na fundi bomba, babu wa jikoni, ulimi wetu umefika mwisho na wewe unasubiriwa. Shuka salama, lala pasipo na baridi, pumzika kwa amani.